Kidole Juu ya Usukani

Watu husema kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini katika nchi ya akina Ardith, nchi ya mahindi na ng'ombe huko Nebraska, kidole kimoja kilitosha kujenga ujirani, na kilitosha kuubomoa. Madereva wawili wakipishana kwenye barabara za mashambani, kila mmoja huinua kidole cha shahada juu ya usukani, mara moja tu, kisha akakirudisha. Si mkono mzima. Mkono mzima ni wa watu wa mjini, au wa mtu mwenye furaha ya pekee. Kidole tu. Awe rafiki, awe mgeni, awe mtu mliyeshtakiana naye, unamwinulia. Usipomwinulia umeshasema neno, na neno hilo litafika mezani kwake kabla supu haijapoa.

Verlin Hultgren alikuwa ameinua kidole hicho kwa miaka hamsini bila kukosa. Hata siku waliyokuwa wakimpeleka mama yake kaburini, machozi yakimchuruzika, alimwinulia dereva wa lori la maziwa. Ndiyo maana mkewe Ardith, aliyekuwa ameketi kando yake siku ya pili ya safari yao, hakuweza kukosa kuona. Gari jekundu lilikuja, likapita, na kidole hakikuinuka.

"Atakuwa anawaza," akajisemea moyoni.

Likaja la pili. Kidole kimelala vile vile.

Safari yenyewe walikuwa wameingojea miaka thelathini. Mkulima hana likizo. Ng'ombe hawajui Jumapili. Tangu watoto wakiwa wadogo Verlin alikuwa akimwahidi: tukizeeka, mama, nitakununulia nyumba yenye magurudumu, twende polepole, tulale popote patakapotupendeza. Sasa walikuwa nayo, ndefu kama basi, yenye jiko la gesi, kitanda, na mapazia ya kitambaa cha maua aliyoyashona Ardith kwa mkono wake. Waliiita Nyumba, basi, maana ile nyingine, ya mbao na ghorofa, walikuwa wamekwisha kumwachia binti yao Gail. Hawakuwa na haraka. Maili hamsini kwa siku, siku nyingine thelathini. Walisimama kila kijiji chenye mnara wa maji na mkahawa mmoja, wakalala kando ya kanisa au kwenye uwanja wa maonyesho ya mifugo, na asubuhi wakanywa kahawa mlangoni, miguu ndani ya soksi, wakitazama mahindi machanga yaliyoanza kuchungulia.

Lakini safari hiyo ya polepole ilikuwa na mahali pa kufika na siku ya kufika. Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa tano, siku ya kupamba makaburi, walitakiwa wawe Tabrov, mji mdogo ambako Verlin alizaliwa na kulima kabla hawajahamia mashariki. Na huko alikuwepo Milo Kuzela.

Milo na Verlin walikua pamoja, seng'enge ya mmoja imeshikana na ya mwenzake. Mmoja akiugua, mwingine humvunia. Kisha Verlin akauza shamba kwa mtu wa mbali bila kumwambia Milo. Kule, jirani wa uzio huambiwa kwanza, hata kama hana uwezo wa kununua ua la shambani. Verlin alisema alisahau. Milo alisema mtu hasahau jirani. Miaka kumi na mmoja hawakusemezana, hadi mwezi wa pili mwaka ule, mke wa Milo, Lavonne, alipotuma kadi: "Milo anasema mje tupambe makaburi pamoja. Amesema mwenyewe, sikumtia maneno mdomoni."

Verlin alimwomba Ardith amsomee kadi ile mara tatu. Ardith alidhani ni kwa furaha.

Siku ya tatu ya safari kidole kiliinuka, na Ardith akashusha pumzi. Kisha akatazama mbele, na hakukuwa na gari. Palikuwa na trekta bovu lililotupwa kando ya barabara, magugu yamelipanda hadi kwenye kiti.

"Umemsalimu nani, baba?"

"Si yule pale."

"Yule pale ana kutu. Hana hata magurudumu."

Verlin akacheka. "Nimemsalimu kwa heshima ya ujana wake. Alifanya kazi sana huyo."

Ardith naye akacheka, maana Verlin alikuwa na ulimi mtamu. Lakini kicheko chake kilikatikia njiani, na tangu hapo alianza kuchunga. Aliona mumewe akimimina kahawa huku amechovya ncha ya kidole kikombeni, ili ajue imefika wapi. Aliona kwamba mkahawani hakusoma tena orodha ya vyakula, aliuliza tu, "Huyu wa meza ya pili anakula nini? Harufu nzuri. Nileteeni hicho hicho." Aliona anawatazama watu kwa upande, kama kuku anavyotazama punje. Siku ya nne, gari likija kwa mbali, Ardith akasema taratibu, kama anayeongea na dirisha:

"Gari."

Kidole kikainuka.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yao mpya. "Gari." Kidole. "Trekta mbele, linakwenda pole." Mguu kwenye breki. "Kibao cha kusimama hicho." Wanasimama. Verlin hakuuliza kwa nini anaambiwa, naye Ardith hakueleza. Ungewaona ungesema ni wazee wawili wapenda mazungumzo.

Kila jioni, akisha kuosha vikombe, Ardith alipiga magoti katika upenyo ule kati ya kitanda na kabati, mahali pasipomtosha mbuzi, akamwomba Mungu ampe neno la kumwambia mumewe. Neno lilikuja papo hapo, fupi na wazi: *Verlin, huoni.* Akalirudisha kwa aliyelituma, akaomba lingine lililo laini kidogo. Hakuletewa.

Aliogopa mengi. Verlin alikuwa mtu wa usukani tangu akiwa na miaka kumi. Trekta, lori, mashine ya kuvunia, yote yalimtii. Mtu kama huyo ukimwondoa kwenye usukani unamwondoa kwenye nini? Na nani ataendesha? Ardith aliliendesha lile jumba mara moja tu, kwenye ua wa kanisa lao, akalaza chini sanduku la barua la mchungaji. Verlin alilisimulia jambo hilo katika majimbo mawili. Tena Jumatatu ilikuwa karibu. Akisema sasa, watageuka njiani, na Milo atasema aliitwa mtu akakataa kuja. Bora tufike kwanza, Ardith akajiambia. Tukifika nitasema.

Jumamosi adhuhuri walikuwa kwenye barabara ya changarawe, maili sita tu kabla ya Tabrov. Mlima wa vumbi ulikuwa ukiwafuata nyuma. Kifuniko cha chupa ya chai kikamponyoka Ardith, kikabingirika chini ya kiti, naye akainama kukitafuta. Ni kuinama huko tu. Alipoinua kichwa, gari la kijani lilikuwa limeshafika ubavuni, na dereva wake alikuwa ametoa mkono mzima nje ya dirisha, mkono wa mtu mwenye furaha ya pekee. Ardith aliiona kofia, akayaona masikio yale makubwa ambayo shuleni walikuwa wakiyaita milango ya ghala.

Milo Kuzela.

Kidole cha Verlin kilikuwa kimelala juu ya usukani kama mjusi juani.

Katika kioo cha pembeni Ardith aliona taa za breki zikiwaka nyekundu ndani ya vumbi. Zikakaa hivyo muda. Kisha zikazimika, na gari la kijani likaenda zake.

"Umemwona nani huyo?" akauliza, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza.

"Nimwone nani? Barabara nyeupe tupu."

Ardith akafunga chupa ya chai. Neno lilikuwa kwenye ulimi, akalimeza na mate.

Jumatatu mji wote ulikuwa makaburini tangu asubuhi. Kule watu hukata yale maua makubwa ya mwezi wa tano, mekundu na meupe, yanayonukia hadi kuumiza kichwa, wakayatia kwenye makopo ya kahawa yaliyofungwa karatasi ya fedha, na ndani wakatia kokoto ili upepo usiyaangushe. Ardith alipanga makopo kwenye kaburi la wakwe zake na la kaka wa Verlin. Verlin alivua kofia akasimama. Safu ya tatu kutoka pale alikuwepo Milo, mgongo amewapa wao. Aliyapamba makaburi ya kwao moja baada ya jingine, kisha akaenda kukaa ndani ya gari lake mlango ukiwa umefungwa.

"Milo hajaja?" Verlin akauliza.

"Yupo," Ardith akasema.

"Mbona hatusalimii?"

Ardith akainama kunyoosha kopo lililokuwa limesimama vizuri.

Baada ya sala watu waliteremka kwenye ukumbi wa chini ya kanisa kula. Palikuwa na nyama ya nguruwe, viazi vya kuponda, na vile vimkate vya Kicheki vyenye jamu ya plamu katikati. Verlin akaketi mwisho wa meza, ameacha kiti wazi mkabala naye. Kilibaki wazi. Mzee mmoja mwuza mbegu, mtu wa mdomo, akapita na sahani yake.

"Karibu nyumbani, bwana Hultgren! Eti ni kweli mtu akinunua nyumba ya magurudumu, vidole vinakuwa vizito?"

Watu wa meza ile wakacheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa na siagi.

"Anasema nini huyu?" Verlin akamgeukia mkewe.

Ardith akainuka akaenda jikoni, alikokuwa Lavonne akikausha sufuria. Waliangaliana.

"Lavonne, dada yangu."

"Shemeji Verlin angebaki tu huko kwenu," Lavonne akasema, sauti chini. "Ningemwambia Milo amepata homa. Unajua mzee wangu alinyoa ndevu siku ya kawaida? Alikuwa anakuja kuwapokea njiani, Ardith. Ametoka maili sita kuja kuwapokea. Akatoa na mkono nje kama mtoto. Mwenzake akampita kama anapita nguzo. Amerudi nyumbani hakula. Akaniambia, 'Haya, amenijibu.'"

"Si hivyo ilivyo," Ardith akasema.

"Basi ilikuwaje?"

Ardith alifungua mdomo. Siri ile haikuwa yake peke yake. "Nipe nafasi kidogo," akasema, akarudi ukumbini, akamshika mumewe mkono, akamtoa nje hadi penye kivuli cha ukuta wa kanisa, mahali pasipo watu.

"Verlin," akasema. Hakumwita baba. "Huoni."

Upepo ulikuwa ukipiga karatasi za fedha kule makaburini, zikilia kama mvua ya mbali. Verlin aliusikiliza.

"Umejua lini?"

"Siku ya lile trekta."

"Mimi tangu Februari. Daktari alisema macho yataoza taratibu, kuanzia katikati." Akageuza uso, akamtazama kwa upande. "Nikikuangalia, mama, katikati pana doa kama la jivu. Pembeni naona. Naona sikio lako, naona bega. Uso wako sijauona tangu Krismasi."

Ardith alishika ukuta. Alikuwa amejiandaa kwa yote isipokuwa hilo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuahidi safari. Miaka thelathini nilikuwa nakuahidi. Nilisema Mungu akinipa kiangazi kimoja tu." Kisha akauliza, bila ukali, "Na wewe, kwa nini hukusema? Ulikuwa unanisomea barabara kama Biblia."

Hapo Ardith akayaona makosa yake yamesimama mbele yake wazi kama mawe yale ya makaburi. Siku sita alikuwa amemwongoza mtu asiyeona kwenye barabara ambazo watoto wa watu hupanda baiskeli, akaliita jambo hilo upendo. Kila jioni alikuwa ameomba neno, na kila jioni alipewa, akalirudisha kwa sababu halikuwa na sukari.

"Nilikosa," akasema. "Mbele ya Mungu na mbele yako, nilikosa. Jumamosi niliinama kuokota kifuniko, Verlin. Na aliyepita ni Milo. Alikuwa anakuja kukupokea. Alitoa mkono mzima."

Verlin akaketi kwenye ngazi. Alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Mkono mzima?"

"Mzima."

"Na kidole changu kimelala."

"Nenda ukamwambie."

"Hapana." Alitikisa kichwa kama ng'ombe anayefukuza nzi. "Aendelee kunichukia. Nimezoea. Mtu akikuchukia unabaki mtu. Akikuhurumia unakuwa mzigo wa kubebwa. Tuondoke tu, mama."

"Tuondoke na nani? Anaendesha nani?"

Ardith alinyoosha mkono, kiganja juu, akangoja. Ilikuwa kama kumngojea mtoto ateme kitu alichokiweka mdomoni. Mwishowe Verlin alitia mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akakitafuta kile kiganja kwa vidole vyake, akauweka.

Kisha akainuka. "Nipeleke," akasema. "Lakini usinishike. Tangulia, nitafuata gauni lako, lile naliona."

Milo alikuwa nyuma ya gari lake la kijani akipanga makopo matupu. Alisikia nyayo, hakugeuka.

"Milo," Verlin akasema.

"Njia ni pana, bwana. Pita tu kama ulivyozoea."

"Juzi hukupishana na mimi. Ulipishana na kipofu."

Milo akageuka. Alimtazama Verlin, akamtazama Ardith, akaona ya kwamba si mzaha. Uso ukamwiva.

"Lile jumba lote unaliendesha huku huoni?" Sauti yake ilipanda hadi watu wa mlangoni wakageuza vichwa. "Barabara ile? Mpumbavu mkubwa wee! Wajukuu zangu watatu wanaendesha baiskeli barabara ile! Ningekuja kukuzika au ningekuja kukuua, Verlin? Niambie!"

"Sema tu," Verlin akasema. "Una haki."

"Na wewe shemeji, ulikuwa umekaa pale!"

"Nilikuwa nimekaa pale," Ardith akasema. "Sina la kujitetea."

Milo alipiga ubavu wa gari kwa kiganja, makopo yakalia. Kisha akahema.

"Na jingine, maadamu nimeshaanza," Verlin akasema, macho yake yameelekea penye bega la Milo. "Ile ya shamba, sikusahau. Mwaka ule ng'ombe wako walikufa, kila mtu alijua hali yako. Nilijua hutaweza kununua. Niliona aibu kuja kukuuliza, useme huna."

Milo alilifikiria jambo hilo taratibu, kama mtu anayeonja maziwa aliyoyatilia shaka.

"Miaka kumi na mmoja nilidhani ulinidharau," akasema. "Kumbe ulinihurumia. Sijui lipi baya zaidi."

"Nami sijui."

Hawakukumbatiana, wanaume wa kule hawakumbatiani. Milo alichukua kopo moja, akalizungushazungusha mkononi.

"Kesho anaendesha nani?"

"Ardith."

"Ardith huyu huyu? Wa sanduku la barua la mchungaji?"

"Habari ilifika hadi huku?" Ardith akasema.

"Shemeji, ilifika kabla ya gazeti."

Siku ya pili yake, umande ukiwa haujakauka, Milo aliyapanga makopo yale ya makaburini kwenye uwanja wake wa majani, mawili mawili, kama mlango na mlango mwingine, ili Ardith ajifunze kuipitisha Nyumba katikati yake. Verlin aliketi kiti cha pembeni, mahali ambapo kwa miaka arobaini na minne ya ndoa hakuwahi kuketi, mikono juu ya magoti, hajui pa kuipeleka. Ardith aliponda makopo manne asubuhi, moja mchana. "Hilo lilikuwa la shangazi yangu," Milo alipiga kelele kutoka kwenye uzio, "naye hakukupenda tangu zamani!" Lavonne alileta vimkate vilivyobaki. Habari ya shamba haikutajwa tena, wala haikusemwa kwamba imekwisha.

Jumatano wakaagana. Ardith alikaza mkanda, akasali macho wazi, akaitoa Nyumba barabarani kwa mwendo wa ng'ombe anayerudi kukamuliwa. Alikamata usukani kwa mikono miwili.

Maili ya pili likatokea gari. Ardith aliwaza kuinua kidole, akaogopa kuuachia usukani.

"Gari, baba," akasema.

Verlin alisogea mbele, akaweka mkono juu ya ubao ulio chini ya kioo, akainua kidole. Alikishikilia juu zaidi ya ilivyo desturi. Gari likapita likitifua vumbi.

"Naye ameinua?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Neno hilo lilikuwa laini, lilikuwa limekaa tayari.

"Sikuona," Ardith akasema. "Nilikuwa natazama barabara."

Verlin akaitikia kwa kichwa. "Ndivyo dereva anavyotakiwa," akasema, wala hakuuondoa mkono wake pale ubaoni.

"Gari jingine," Ardith akasema.